Kabange Anajibu Kutoka Kambove

Mashini yenye haina kuran, moto wa umeme, haijibu. Kwa kujua ile hauombe diploma. Taa bila kuran inanyamaza, frigo bila kuran inanyamaza na nyama inaoza ndani, muntu bila pumuzi ananyamaza na anaoza vilevile. Lakini ile asubui ya mwezi wa kumi, mu biro ya Kasereka kule Kampemba, mashini moja ya Kambove yenye ilikuwa imekufa kabisa iliendelea kujibu, na ilijibu na adabu.

Ni Plamedie njo aliona wa kwanza. Plamedie ni binti wa kichwa nguvu, alitoka kusoma ku iniversite ya Kasapa, na alikuwa anafanya kazi na Hénoc, mwenzake wa masomo, mu kachumba kadogo nyuma ya depo ya unga. Aliangalia kioo ya mashini, akaangalia simu yake, akaangalia tena kioo, na chai ikapoa mu mukono.

"Hénoc, ku Kambove kuran iko?"

"Uliza Godefroid."

Godefroid ni mulinzi wa depo ya Kambove, muntu wa maneno mingi. Plamedie alimupigia simu, akaweka sauti wazi.

"Kuran gani, mama?" Godefroid alisema. "Ilienda tangu jana. Batri, bezi balibeba. Kama munataka nizungushe mashini na mukono, mutume bukari ya nguvu."

"Na mashini yenyewe iko wapi?"

"Iko hapa chini ya kitanda yangu, nilificha bezi basirudie. Kamba yake niko nafungia mbuzi."

Plamedie alikata simu. Ku kioo maneno ilikuwa inapanda, mustari juu ya mustari, bila haraka:

*Kabange, uko?*
*Niko, Kyungu.*
*Kabange, uko?*
*Niko, Kyungu.*

Tuseme kwanza ile ni nini, juu yenye inakuya nyuma inatoka pale.

Kasereka ni mucuruzi wa Butembo. Iko na malori yenye inabeba unga na simenti paka Likasi na Kambove, na iko na bashofere, na bashofere banadanganya. Njo alikamata bale batoto wawili, Hénoc na Plamedie, bamuwekee mashini mbili, moja Kampemba, ingine Kambove. Lori ikitoka mu lupango, uwanja wa depo ya kule, mashini ya kule inasema, na ya huku inasikia saa ileile, mbele shofere hajabadirisha vitesi, hajaweka gia ya pili. Hénoc njo aliandika maneno yenye mashini inafuata, mu luga yao yenye inaitwa JavaScript, na njia yenye mashini mbili inaongelea, benyewe banaiita soketi. Ni sawa na bamama wawili jirani benye balipigiana simu na habakate. Mumoja anasonga bukari, simu iko ku sikio. Mwingine anafua, simu iko ku sikio. Na juu muntu anaweza kusinzia, kila kapande ka saa wa kwanza anauliza: uko? Wa pili anajibu: niko. "Niko" ikikosa kuya, wa kwanza anajua njia ilikatika, na anaita tena, na tena, na tena, bila haya, paka apate wa kumujibu. Ile ya kuita bila haya, muiweke mu kichwa.

Sasa majina. Hénoc alizaliwa pasa, na mwenzake Elisée, tumbo moja. Ku bantu ya kaskazini ya Katanga pasa anakuya na jina yake, hakuna wa kumuchagulia: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Hénoc ni Kyungu. Elisée alikuwa Kabange. Kyungu alienda Kasapa kusoma, na juu asome, Kabange alienda Kambove kuchimba majiwe na barre ya chuma, mu mashimo yenye hata panya inafikiria mbele ya kuingia. Mwaka moja ya mvua nyingi shimo ilimufunga. Habakumutosha inje. Udongo ulikuwa muzito, na benzake bote balikuwa bameshakimbia. Iko kule paka leo, na barre yake mu mukono.

Pasa akienda, haisemwake alikufa. Inasemwa alienda kutafuta kuni. Hawamulilie. Fungu yake ya chakula inawekwa pembeni ya ya mwenzake, juu mapasa wanagawa kila kintu nusu kwa nusu, na wanaimbiwa nyimbo ya matusi, matusi ya kweli, ya chini ya kitovu, juu pasa anapendaka kutukanwa vile wengine wanapendaka kusifiwa. Na jina yake haiitwake. Mama yao, Clotilde, alijua yote. Lakini mama Clotilde ni muntu wa misa ya kila asubui, mujane wa muntu wa reli mwenye alisema ile yote ni bushenzi. Njo alilia paka sauti ikaisha. Sahani hakuweka. Matusi hakuimba.

Na Hénoc, na masomo yake yote, alikamata mashini mbili zenye ni sawasawa ndani na inje, akaziita Kyungu na Kabange. Akatosha neno kavu yenye mashini zinatumiaka kuulizana, akaandika pa nafasi yake: *Kabange, uko? Niko, Kyungu.* Plamedie alimuuliza siku ile ni ya nini. "Muchezo," alisema. Muchezo! Muchana, usiku, siku ya mungu na siku ya kazi, muntu iko anaita nduguye mwenye udongo ulimeza, kwa jina yake yenyewe, na anatuma ile jina paka palepale penye alilala. Ungeita mbwa vile ingekuya na hasira.

"Kuko muntu alikamata njia yetu," Plamedie alisema. "Mwizi. Iko anajifanya mashini ya Kambove."

Hénoc alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na pua yake ilikuwa inafunguka na kufunga.

"Unasikia ile harufu?"

Ilikuwa udongo. Haikukuwa ule wa inje, wenye jua inapiga na bantu banatembea juu yake. Ilikuwa udongo wa chini, wa baridi, wenye haujaona muchana, pamoja na jasho ya muntu na chuma. Inje jua ilikuwa inachoma mabati, babebaji ya mifuko balikuwa banatukanana, mama muuza mikate alikuwa anaita bantu, na mu kachumba mulikuwa baridi ya shimo.

Plamedie hakupenda kushindwa na harufu. Alitaka kufukuza ule mwizi, akaweka vidole ku klavie, pale pa herufi, lakini mbele aguse, mustari moja ulipanda peke yake.

*Kyungu, uko?*

Haikukuwa kawaida. Ni huku njo kunaulizaka, ni kule njo kunajibuka. Lakini Hénoc alinyonyesha mashini zote mbili ziwa moja, ile yenye moja inajua na ingine inajua. Mashini ya Kampemba ilijibu bila kuuliza muntu:

*Niko, Kabange.*

Na chini ya sakafu ya simenti, palepale chini ya miguu yao, kintu ikaanza kupiga. Ndu. Ndu. Ndu. Sawa muntu anachimba na barre, lakini anachimba kutoka chini anakuya juu.

"Kata," Hénoc alisema polepole. "Plamedie, kata."

Lori zikitoka, mashini ilikuwa inaandika: *Lori fulani, imetoka.* Zikifika: *imefika.* Hakuna ingine yenye ilikuwa inajua kusema. Sasa iliandika:

*Mukono ya kushoto. Imetoka.*

Na saa ileile:

*Mukono ya kushoto. Imefika.*

Mukono ya kushoto ya Hénoc ilikuwa imelala juu ya meza, wazi, hakuna kintu juu yake, hata nzi. Ililala vile na ikapondwa. Vidole ilivunjika yote pamoja sawa mabua ya mahindi chini ya tairi, ngozi ikapasuka, mifupa ikatoka nyeupe na kurudi ndani, meza ikaitikia na sauti ya mbao, na mu damu yenye ilimwagika mulikuwa mucanga mwekundu na kajiwe kamoja ka kijani, kale kenye bachimbaji banatafutaka, na Hénoc alifungua kinywa na kwa muda hakuna sauti ilitoka, kisha ikatoka yote, na babebaji inje bakaangusha mifuko.

Kasereka aliingia mbio na chuma ya kufungulia magurudumu, alifikiria ni bezi. Aliona damu. Aliona mukono. Aliona kioo yenye ilikuwa inaandika peke yake *mbavu*. Muntu wa kanisa, shemasi, mwenye hajawai kusema neno mubaya.

"Nyamuhanga, Mungu wetu! Kwa jina ya Yesu!" alipiga kelele, akainua chuma.

"Patron, apana!" Plamedie alimurukia. "Usiikate hivi, patron, itatafuta..."

Alipiga. Alipiga paka mashini ikawa sawa dagaa ya kukanyagwa, na vipande ya chuma ikaruka ku ukuta. Ndu ya chini ilinyamaza. Harufu ilipunguka. Kasereka alisimama anahema, na jasho inamutiririka mu macho, sawa muntu mwenye aliua nyoka.

Kisha Hénoc, mwenye alikuwa chini, mwenye macho yake ilikuwa imegeuka nyeupe, kinywa yake ikafunguka bila yeye kuifungua, na sauti ikatoka, ya polepole, na adabu yote:

"Niko, Kabange."

Niliwaambia: njia ikikatika, mwenye anaita haachake kuita. Anatafuta wa kumujibu. Kyungu wa chuma alikufa chini ya chuma ya Kasereka. Njia ilitafuta Kyungu mwingine, na ilimupata karibu sana, amelala palepale.

Ku hopitali munganga alifunga mukono na bande mingi, akasema itakatwa kesho asubui, kama jamaa banakubali. Mbavu mbili ilivunjika pale munganga alikuwa anaongea, tak, tak, mbele yake, mu kitanda, na munganga aliangalia kintu yake ya kusikilizia kifua sawa vile ilimukosea heshima. Na kila kapande ka saa, Hénoc akiwa amelala, akiwa anakunywa maji, akiwa kati ya sentensi ingine, kinywa ilikuwa inafunguka: "Niko, Kabange."

Mama Clotilde alifika na rozari na sufuria ya bukari. Alisikia mara moja tu. Alitua sufuria chini.

"Nani alifundisha huyu mutoto kujibu ile jina?"

Plamedie alimuelezea yote, na sauti ya chini, bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Mashini, majina, muchezo. Mama Clotilde alisikiliza paka mwisho. Kisha alienda ku kitanda, akampiga Hénoc kofi mu uso.

"Pumbavu! Ni weye mumoja tu njo nilibakia naye. Mumoja! Na unaenda kumuita?"

"Mama," Hénoc alisema, na macho yake ilikuwa yake, kwa muda kidogo. "Nilikuwa namukosa. Njo vile tu." Alivuta pumuzi, na ndani ya kifua kuna kintu ilikwaruza. "Anasema shimo iko nyembamba. Anasema miye nilipata kiti, yee alipata shimo. Anataka tugawe. Niko, Kabange."

"Kugawa nini?"

"Yote. Nusu kwa nusu. Yenye ilimufikia, inifikie."

Udongo ulimufikia mu kinywa, Elisée. Kila muntu mu kile chumba alifikiria ile.

"Tumubebe mbali," Kasereka alisema. "Paka Kolwezi. Paka Butembo kwetu, kuna bachungaji ya nguvu..."

"Mbali haina maana, patron," Plamedie alisema. "Mashini hazijui mbali. Njo kazi yake ile, mbali na karibu ni saa moja." Alitosha miwani, akafuta, akarudisha. "Na kukata haiko kufunga. Weye ulikata. Mwenye anakatiwa hajui kama mulimaliza, anaita tena. Kufunga ni ingine: mumoja anasema nafunga, mwenzake anajibu nimesikia, na miye nafunga. Bote wawili banaweka chini. Bila jibu ya kule, haijafungwa."

Mama Clotilde aligeukia Plamedie.

"Basi sisi hatukufunga naye," alisema. "Nililia tu. Nilikata."

Alikamata sufuria yake ya bukari, akafunga leso ya kiuno nguvu. "Patron, washa lori. Na beba panga."

Balimupandisha Hénoc ku lori, juu ya mifuko mitupu, mama Clotilde ku kichwa, Plamedie ku miguu, na Kasereka mwenyewe mu usukani, juu bashofere bote balikuwa bamepata malaria ya ghafla. Jua ilikuwa juu kabisa. Njia ya Likasi ilijaa malori ya madini, moja nyuma ya ingine, na mavumbi. Karibu na péage, pale malori yanalipia njia, mufupa ya bega ilivunjika. Mbele ya Likasi alianza kukohoa, na yenye alikohoa ilikuwa udongo, kwanza kidogo sawa mwenye alikula vumbi, kisha vipande, kisha ulianza kukuya bila kukohoa, mwekundu, muloevu, unatoka mu kinywa na mu pua, na mama Clotilde alikuwa anauchimba na vidole vyake viwili, anatupa inje ya lori, anachimba, anatupa, na katikati ya udongo, bila ulimi kupata nafasi ya kugeuka, ile sauti ilikuwa inapita wazi sawa hakuna kintu mu kinywa: Niko, Kabange. Niko, Kabange.

"Usimujibu!" Plamedie alilia.

"Unafikiri anapenda?" mama Clotilde alisema. "Chimba na weye!"

Shimo ya Elisée haikukuwa tena shimo. Ilikuwa mahali penye udongo uliikala chini kidogo, nyuma ya kilima ya mabaki, na majani makavu juu yake. Hakuna musalaba. Godefroid aliwaonyesha kutoka mbali na kidole, akarudi kwa mbuzi yake. Balimulaza Hénoc pale. Na chini, karibu sana sasa, karibu sawa chini ya godoro: ndu, ndu, ndu.

Mama Clotilde alipiga magoti, akafunua sufuria, akagawa bukari katikati na mukono. Nusu aliweka upande ya Hénoc. Nusu aliweka juu ya udongo. Kisha alisimama, akainua leso yake kidogo sawa bale bamama ya zamani, na muntu wa misa ya kila asubui akaanza kuimba.

"Kabange eee! Matako kama chungu ya kupasuka! Ulitoka nyuma sawa kinyesi nyuma ya haja! Kichwa kama muhogo ya kuoza! Na miye mama yako, tumbo kama gunia, maziwa inaning'inia kama soksi, uliinyonya yote, mwizi weye, hata ya mwenzako!"

Barre ilikosa pigo moja.

"Anasikia," Plamedie alisema.

"Muitikie! Bote! Weye patron, tukana!"

"Miye ni shemasi, mama, nitatukana namna gani?"

"Tukana ao akufe!"

Kasereka alifunga macho. "Weye... weye ni muchafu! Weye... makende ya bata!"

Chini ya udongo muntu alicheka. Ilikuwa kicheko ya kijana, ya furaha, yenye mama Clotilde aliijua tangu ilikuwa haina meno. Alishikilia wimbo. Aliimba matusi ya baba yao wa reli, ya suruali yake na yenye ilikuwa ndani ya suruali. Aliimba ya usiku yenye aliwapata. Plamedie, binti wa Kasapa, alipiga makofi na kuitikia na uso wa moto. Udongo mu kinywa ya Hénoc uliacha kutoka. Alivuta pumuzi.

"Sasa mwambie," Plamedie alimunong'oneza. "Mwambie unafunga."

"Kabange," Hénoc alisema. "Yaya yako, mukubwa wako, ni miye. Nafunga."

Bote balingojea jibu ya kule. Ndu ilinyamaza. Upepo ulinyamaza. Na jibu ilipanda, lakini haikukuwa yenye balingojea.

"Nusu."

Udongo ulifunguka, kidogo tu, sawa kinywa ya mwenye anasinzia, palepale penye mukono ya kushoto ya Hénoc ililala mu bande, na kintu ya ndani ikakamata bande na ikavuta. Mukono ikaingia paka ku kifundo. Hénoc alilia. Kasereka alirukia miguu yake, Plamedie akakamata kiuno, na balivuta, na ile ya chini ilivuta, bila kukaza, bila hasira, sawa muntu mwenye anavuta kamba ya kisima na anajua maji itakuya, mukono ikaingia paka karibu na kiwiko, shati ikaingia, Kasereka akateleza na visigino vyake vikachora mistari miwili mu vumbi, na bega yenye ilivunjika ikaanza kurefuka chini ya ngozi mu namna yenye bega hairefukake, na uso wa Hénoc ukageukia udongo na ukaanza kukaribia, na kinywa yake ikafunguka: "Niko, Kabange, niko, niko, niko..."

Mama Clotilde alikamata panga.

Hakufanya musalaba. Hakufunga macho. Alikata sawa anakata mufupa ya ngombe siku ya matanga, chini ya kiwiko, mara moja haikutosha, mara ingine, damu ikamupiga mu uso na mu meno, mara ingine, na mufupa ukaachia, na bote watatu bakaanguka nyuma na yenye ilibakia ya Hénoc juu yao.

"Njo nusu yako ile!" alipiga kelele mu shimo, na damu inamutoka mu kidevu. "Ni mukono yenye iliandika jina yako! Kamata! Hakuna ingine! Yee na moja, weye na moja, mulinganane, mubaya wa tumbo yangu! Sasa jibu!"

Plamedie alikuwa amevua mushipi wake, amefunga mukono ya Hénoc juu ya kiwiko, amekaza na goti. "Sema tena," alimwambia mu sikio. "Hénoc, usilale. Sema tena."

"Kabange." Sauti haikuwa na nguvu ya kufika hata ku lori. "Nafunga."

Na kutoka chini, mbali sasa, mbali zaidi kuliko urefu wa shimo lolote:

"Nimesikia, Kyungu. Na miye nafunga."

Udongo ulitulia. Bukari ya juu yake ilikuwa imeisha, hakuna hata chembe moja.

Kinywa ya Hénoc haikufunguka tena peke yake, hata mu njia, hata ku hopitali ya Likasi kwenye munganga aliuliza nani alikata vile, na mama Clotilde alijibu: "Miye. Kuna yenye nilikosea?" Mifupa ilifunga, polepole. Mashini mpya za Kasereka zinaitwa Moja na Mbili, ni mama Clotilde njo alizibatiza, na zinaulizana na neno kavu yenye haina maana kwa muzima wala kwa mwenye alienda kuni. Malori yanatoka, yanafika. Ku nyumba ya mama Clotilde, ku meza, kuna sahani moja ya zaidi, na padri akipita hasemi kintu, anakula yake.

Hénoc alirudia kazi mbele ya mvua kuisha. Mukono ya shati ya kushoto aliifunga fundo. Plamedie alikuwa amejitayarisha kumusaidia, alifikiria kuandika na mukono moja itakuwa ya polepole, ya kuhuzunisha. Ile asubui alikuwa amemupa mugongo, anasoma ku mashini yake, na alikuwa anasikia klavie ya Hénoc nyuma yake, mbio, safi, sawa mvua ku mabati. Alisikia vile muda murefu mbele ya kufikiria yenye alikuwa anasikia.

Aligeuka.

Mukono ya kuume ya Hénoc ilikuwa upande ya kuume. Upande ya kushoto herufi zilikuwa zinashuka peke yake, moja nyuma ya ingine, zinashuka na kupanda, na juu ya kila moja kulibakia alama ya kidole, ya vumbi nyekundu.

"Hénoc," alisema.

"Acha," Hénoc alijibu, bila kugeuka, bila kusimamisha kazi. "Iko anafanya nusu yake."

Plamedie aliomba meza ingine, ile ya karibu na mulango. Kasereka alimupa palepale, na hakumuuliza juu ya nini.